Breki ikivuta kushoto, anza kulia: jibu kwa mwenye Mustang ya 1970

Swali: Fundi, salamu. Mjomba aliniachia Ford Mustang ya 1970, injini V8, usukani kushoto, breki za diski mbele na ngoma nyuma, zenye busta. Ilikaa miaka mingi bila kutembea kabla sijaichukua. Sasa inawaka vizuri, lakini nikikanyaga breki gari linavuta kushoto, na nikifika nyumbani South B, Nairobi, gurudumu la mbele la kulia huwa moto haligusiki. Makanika mmoja alisema kalipa ya kushoto ndiyo mbovu kwa sababu gari linavutia huko. Nilinunua pedi mpya zikafungwa, hakuna kilichobadilika. Nataka kuzishughulikia mwenyewe nyumbani. Nitaweza? Nianzie wapi? Au ning'oe hizi za kizamani niweke za Toyota?

Jibu: Utaweza. Lakini kabla hujashika spana, acha kuishuku kalipa ya kushoto, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski. Gari huvutia upande ule ambao breki inafanya kazi. Likikimbilia kushoto ukikanyaga, mara nyingi gurudumu la kushoto linashika ipasavyo na la kulia linachelewa. Ukijumlisha na huo moto, habari yote inakaa upande wa kulia: breki ya kule inachelewa kushika, na ikishashika haiachii. Safari ijayo, kwenye barabara tupu, kanyaga breki kisha uachie na usikilize usukani. Kama wakati wa kukanyaga unavuta kushoto, na ukishaachia unavuta kulia kidogo, basi tunasema lugha moja.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni ile hosi ya mpira inayotoka kwenye bomba la chuma la chasisi kwenda kwenye kalipa ya kulia. Hosi hizi zina mpira wa ndani, nyuzi za kuipa nguvu, na mpira wa nje. Zikizeeka, mpira wa ndani huvimba au kubanduka utando mdogo unaoziba njia. Mguu wako, ukisaidiwa na busta (kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu), una nguvu ya kutosha kuisukuma fluidi ya breki ipite. Wakati wa kurudi hakuna nguvu kama hiyo, kwa hiyo fluidi inabaki imefungiwa ndani ya kalipa na pedi zinaendelea kusaga diski kutoka Lang'ata mpaka South B. Ukiitazama hosi kwa nje unaweza kuiona nzuri kabisa, na ndiyo maana watu hubadilisha pedi mara mbili tatu kabla ya kuifikia.

Hapa inafaa ujue pistoni, ile inayosukuma pedi, hurudishwa na nini, kwa sababu wengi hudhani kuna springi mahali fulani. Hakuna. Ndani ya kalipa kuna sili ya mpira yenye umbo la mraba ukiikata, imekaa kwenye mfereji wake na kuikumbatia pistoni. Unapokanyaga, pistoni inasogea mbele na sili inajipinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Basi, hiyo ndiyo nguvu yote ya kurudi. Ukungu wa kutu juu ya pistoni, mpira uliokauka, au hosi iliyoziba, kila kimoja kinatosha kuishinda. Breki za gari lililolala muda mrefu huharibika kwenye kuachia kabla hazijaharibika kwenye kushika, na pedi mpya hazina msaada hapo.

Kwa hiyo usifungue kitu kabla ya kipimo hiki. Endesha mpaka gurudumu lianze kushika, rudi nyumbani, inua upande wa kulia, jaribu kulizungusha kwa mkono. Likiwa gumu, legeza nipo ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, robo zungusho tu. Fluidi ikiruka kidogo na gurudumu likalegea hapo hapo, pistoni na pini ni nzima; kulikuwa na presha iliyonaswa. Nipo ikifunguliwa na gurudumu likabaki gumu, tatizo ni chuma: pistoni imekwama au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimejam. Ukipata jibu la kwanza, rudia mara nyingine, lakini badala ya nipo legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye hosi. Kama hapo halilegei na kwenye nipo lililegea, hosi imekiri. Kama linalegea hata hapo, presha imenaswa juu zaidi, na utaelekea kwenye masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali.

Nataja masta silinda kwa sababu moja. Wajomba hawa walirekebisha magari kwa kilichopatikana. Masta silinda za breki za ngoma za wakati ule huwa na vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba, jambo ambalo ngoma hulihitaji na diski hulichukia. Kama aliwahi kuweka masta silinda ya gari la ngoma tupu, diski zote mbili za mbele zitakuwa zinaburuta. Kwako ni moja tu, kwa hiyo siipi uzito, ila angalia chumba kipi ni kikubwa: cha diski huwa kikubwa kuliko cha ngoma, kwa kuwa kalipa hunywa fluidi zaidi kadiri pedi zinavyolika.

Sasa mahali pa kufanyia kazi. Parking nyingi za fleti zetu ni kabro, na kabro huzama. Weka ubao mnene au plaiwudi chini ya jeki na chini ya kila stendi, tia gia ya P, kaza hendibreki, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Likishakaa kwenye stendi lisukume kwa bega. Kama litaanguka, lianguke sasa wakati hujaingiza mkono. Jeki peke yake haishikilii gari, hata la dakika mbili. Tandika pia kadibodi, maana fluidi ya breki ikidondoka kwenye kabro utasikia kutoka kwa keateka, na ikidondokea bonneti itakula rangi mpaka kwenye praima. Weka ndoo ya maji karibu. Fluidi ya kawaida husafishika kwa maji ukiwahi.

Vumbi lile jeusi usilipulize. Pedi na lainingi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbestosi, na hujui ngoma zako za nyuma bado zina lainingi gani. Vaa barakoa, lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

Spana zako za milimita ziache sandukuni. Gari hili ni la inchi, na nipo iliyokauka miaka mingi ukiishika kwa spana inayokaribia tu kutosha, utaimega pembe zote sita. Tafuta spana ya ringi ya kipimo chake hasa, mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, gonga nipo taratibu kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikatika, usitoboe mwenyewe. Peleka kalipa kwa fundi wa leth, ile mashine ya kuchongea chuma.

Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja, ili upande wa pili ubaki kuwa picha yako ya jinsi vitu vilivyokaa. Mustang ya mwaka wako ina kalipa ya pistoni moja inayoelea. Zile za pistoni nne ziliishia kwenye Mustang za 1967. Ni bahati kwako, kwa sababu kazi inakuwa nusu. Kalipa ikishatoka, usiiache ining'inie kwa hosi, hata kama hosi unaitupa. Ifunge kwenye springi kwa waya.

Kuitoa pistoni, watu hukimbilia kompresa ya fundi wa pancha. Sipendi. Pistoni iliyokwama ikiachiliwa na hewa hutoka kama risasi, na vidole huwa karibu. Tumia breki yenyewe: hosi ikiwa bado imefungwa, weka kipande cha mbao ndani ya kalipa mahali pa pedi, mwambie mtu akanyage pedali polepole, na pistoni itatoka kwa utaratibu mpaka iguse mbao. Weka karai chini. Hosi iliyoziba nayo itapitisha presha ya kusukuma, usiwe na wasiwasi. Kazi hiyo ndiyo pekee ambayo bado inaiweza.

Chukua pistoni, ipanguse, ipeleke mwangani na upitishe ukucha kuanzia juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye shimo au krom iliyobanduka, hiyo pistoni imekwisha; usiipige msasa ukadhani umeiponya, kwa kuwa sili inaziba juu ya uso wake na kila mkwaruzo ni njia ya kuvuja. Tundu la kalipa halina masharti makali hivyo kwenye muundo huu. Kutu nyepesi ndani yake itoe kwa msasa laini wenye maji, lakini mfereji wa sili usafishe kwa subira, kwa kijiti cha mbao, mpaka kona zake zionekane. Uchafu ukibaki nyuma ya sili, utaibana pistoni na utarudi kwenye tatizo lile lile. (Wenye Corvette za kuanzia 1965 hali yao ni tofauti: sili zao zimekaa juu ya pistoni, kwa hiyo tundu lenyewe ndilo linaloziba, na ndiyo maana kalipa zao nyingi zimechongwa na kuvishwa silinda ya chuma kisichoshika kutu.)

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo kwenye breki siivumilii: kuosha kila kitu kwa petroli. Petroli, mafuta ya taa, dizeli na oili ya injini huvimbisha mpira wa breki. Sili ikiguswa na petroli leo, wiki ijayo imenenepa, pistoni imekwama, na lawama inaenda kwa duka lililokuuzia vipuri. Tumia methileti spiriti au spreyi ya kusafishia breki, kisha acha vikauke. Wakati wa kufunga, lainisha sili mpya na pistoni kwa fluidi safi ya breki, hakuna kingine. Pistoni iingie kwa vidole gumba, ikiwa imenyooka. Ikilazimu nyundo, itoe uanze tena.

Pini na vibushi vya mpira vya kalipa vikague kwa makini hiyo hiyo. Kalipa inayoelea lazima iteleze, la sivyo pedi ya ndani itaisha huku ya nje ikiwa bado nene. Tazama hizo pedi ulizonunua majuzi: kama zimeanza kulika kwa tofauti, umepata ushahidi mwingine. Pini ipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huyeyuka kwa joto na kuishia kwenye pedi.

Hosi nunua tatu: mbili za mbele na ile ya katikati inayoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Zilizaliwa siku moja. Vipuri vya Mustang bado vinatengenezwa vipya Marekani, kwa hiyo agiza kwa mwaka na aina ya breki, nawe utapata hosi, sili, pistoni na hata kalipa nzima. Ukienda Kirinyaga Road, au Grogan kama bado tunavyoiita, utapata fluidi, spreyi, grisi na labda beringi, lakini jihadhari na mtu anayekuambia nati ya Toyota ni ile ile. Nati za mabomba yako ya breki, zile ndogo, ni za inchi 3/8 zenye meno 24 kwa inchi. Za Kijapani nyingi ni milimita 10 zenye hatua ya milimita 1. Nati ya inchi huingia kwenye tundu la milimita, inazunguka, inaonekana kukaza, halafu siku utakapokanyaga kwa hofu Uhuru Highway meno yanateleza. Na mtu asikuuzie bomba la shaba la friji eti ni laini na halishiki kutu. Shaba tupu huwa ngumu kwa mtikisiko na kupasuka. Bomba la chuma, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lililokunjwa mdomo mara mbili: mengine yote kataa.

Diski ya mwaka wako ni kitu kimoja na habu, kwa hiyo ukiitoa umeshafika kwenye beringi. Ukubwa wa chini unaoruhusiwa husomeka kwenye chuma chenyewe ukiisugua. Ukikosa, tumia kitabu cha gari. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa kuzunguka, kwa kuwa ukingo unaoachwa na pedi hudanganya macho. Mchepuko wa kama sehemu ya kumi ya milimita wakati diski inazunguka unatosha kukutikisia pedali. Kutu ya juu juu itaondolewa na pedi zenyewe. Mifereji mirefu inataka leth, nazo ziko nyingi Industrial Area na Kariobangi Light Industries, ila mpe fundi ile namba ya chini kabla hajaanza kuchonga.

Beringi osha (hapa petroli au mafuta ya taa ruksa, beringi hazina mpira), kausha, tazama roli kama zina madoa ya bluu au vishimo, kisha sukuma grisi ya beringi za joto mpaka itokee upande wa pili. Sili ya ndani weka mpya. Kaza nati huku ukizungusha diski ili beringi zikae, legeza nusu zungusho, kisha kaza tena kwa nguvu ya vidole tu na utie pini mpya ya kuzuia nati isifunguke. Wanaokaza beringi hizi kama nati za gurudumu huziunguza kabla hawajafika Naivasha.

Fluidi sasa. Madaraja yake huandikwa DOT na namba. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiwango cha chini cha viwango ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Tofauti hiyo ya mpya na ya zamani ndiyo inayoua watu kwenye miteremko, kwa sababu fluidi ikichemka huwa mvuke, na mvuke hubanwa: pedali inazama bila breki. Fluidi ya mjomba, ambayo naamini ni rangi ya chai, itoe yote. Nunua DOT 4 kwenye chupa ndogo zilizofungwa, na ile inayobaki kwenye chupa iliyofunguliwa usiiweke mpaka Krismasi. DOT 5 iache; ni silikoni, haichanganyiki na hizi.

Kublidi, yaani kutoa hewa kwenye mabomba, anzia mbali na masta silinda: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Msaidizi akanyage polepole, wewe fungua nipo, mpira mwembamba ukiwa umezama ndani ya chupa yenye fluidi, funga kabla hajaachia. Muwekee kipande cha mbao chini ya pedali. Masta silinda iliyozeeka ina kutu kwenye sehemu ambayo pistoni yake haijawahi kufika, na ukiizamisha mpaka sakafuni siku ya kwanza unazirarua sili zake. Jioni hiyo hiyo utakuwa unatafuta masta silinda. Taa ya breki kwenye dashibodi ikibaki inawaka baada ya kumaliza, ujue vali inayolinganisha presha ya mbele na nyuma imehamia upande mmoja. Mara nyingi mkanyago mmoja wenye nguvu, swichi ikiwa imewashwa na hewa imetoka yote, huirudisha katikati.

Ukiona pedali ni nzito kuliko ulivyotarajia, usiinunulie busta mpya upesi. Busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini, na sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Busta nzima ya Marekani itasaidia kidogo zaidi Nyali kuliko South B. Ipime hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, kagua kwanza mpira wa ombwe na vali yake.

Kuhusu Toyota: hapana. Ukubwa wa masta silinda, wa pistoni za kalipa na wa silinda za nyuma ulihesabiwa pamoja. Ukibadilisha mbele tu, unaweza kupata nyuma inayofunga kabla ya mbele, na gari lenye V8 puani likifunga nyuma kwenye lami yenye mvua litageuka.

Pedi zile mpya, kama hazijalowa fluidi wala grisi, zisugue kidogo kwa msasa uzirudishe. Zikiwa zimelowa, zitupe. Kabla ya kuwasha injini, pampu pedali mpaka iwe juu. Mkanyago wa kwanza baada ya kazi hii huzama wote, na wengi wamegonga geti la nyumbani kwa kulisahau hilo. Kisha Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijaamka, tafuta barabara tupu: kutoka kilomita 50 kwa saa punguza mpaka 10, mara kama kumi hivi, ukiacha zipoe kati yake na bila kusimama kabisa breki zikiwa moto. Ukirudi, shika rimu zote mbili za mbele. Joto lilingane. Kaza nati za magurudumu tena, na ile nati ya hosi mpya ipanguse uitazame kesho yake kama imelowa.

Mteremko wa Mai Mahiu uache mpaka ngoma za nyuma nazo zifunguliwe. Silinda zake zimelala miaka ile ile, na mpira wa vumbi ukiuinua kwa bisibisi utaona mara moja kama ndani ni kukavu au fluidi imeshaanza kujikusanya.